Mfinyanzi Asiye na Cheti

Mwalimu wa sanaa katika wilaya ya Kasese akiomba kwamba ufinyanzi wa sanamu ufundishwe shuleni kwa vitendo, hujibiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba vifaa hakuna. Pili, kwamba mabingwa wa kazi hiyo wako Kampala, na kijana mwenye kipawa na asubiri mpaka atakapofika huko. Majibu haya yamezoeleka hata hakuna tena anayeyapima. Hutolewa kama mtu anavyoitikia salamu. Madhumuni ya makala haya ni kuyapinga yote mawili, na kuonyesha kwamba sisi walimu wa Kiswahili, tunaodhani ya kuwa ugomvi huu ni wa watu wengine, tuna fungu letu katika lawama.

Tuanze na vifaa. Ufinyanzi wahitaji udongo, maji, moto na mikono. Udongo wa mfinyanzi hupatikana mabondeni na kandokando ya mito, na wilaya iliyo chini ya Rwenzori, yenye Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, haiwezi kulalamika kwamba imenyimwa mito. Penye tanuri la matofali pana udongo unaostahimili moto, tena pana mtu ajuaye kuuchoma. Na matanuri hayo si adimu kwetu. Huenda tanuri lenyewe likawa limesimama hatua chache kutoka dirisha la darasa ambamo wanafunzi wanachora chungu kwa penseli, kwa sababu, ati, vifaa hakuna.

Zaidi ya hayo, Kasese ina mali ambayo wafinyanzi wa nchi nyingine huagiza kutoka mbali. Shaba ya Kilembe ndiyo iliyoleta reli hadi Kasese mwaka 1956, na ikachimbwa mpaka mgodi uliposimama mwaka 1982. Wengi wetu tukitajiwa shaba twafikiria nyaya za umeme. Mfinyanzi huijua kwa njia nyingine: ikichanganywa katika lile ganda la kioo linalopakwa juu ya chombo kabla ya kuchomwa, hutoa rangi ya kijani, na moto ukinyimwa hewa, shaba ile ile hutoa wekundu kama wa damu. Kobalti nayo, iliyokamuliwa hapa Kasese kuanzia mwaka 1999 kutoka katika malundo ya masalio ya Kilembe, ndiyo asili ya ile buluu ya vyombo vya Kichina. Wazee wa pwani walivipenda vyombo vya Kichina hata wakavipachika katika makaburi yao, kama aonavyo afikaye Mambrui au Kunduchi. Tena iko chumvi ya Katwe. Chumvi ikitupwa ndani ya joko lenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi hugeuka mvuke, na mvuke huo hukivika chombo ganda la kioo pasipo kupakwa kitu chochote. Wafinyanzi wa Ujerumani wamefanya hivyo kwa karne nyingi.

Sisemi kwamba watoto wapelekwe kuokota mawe ya mgodini. Masalio ya mgodi yana sumu, na yeyote aliyeona mafuriko ya Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 ajua ni vitu gani mto ule waweza kuvisomba. Wala ganda lenye shaba halifai kwa chombo cha kulia chakula. Na mvuke wa chumvi jokoni si wa kuvutwa na mtu. Nasema jambo dogo zaidi: mtoto aliyezaliwa Kilembe, Katwe au Bwera aweza kumaliza shule pasipo kuambiwa hata siku moja kwamba ardhi aliyoikanyaga ina udongo, chumvi na rangi, yaani duka zima la mfinyanzi. Akiambiwa baadaye kwamba vifaa hakuna, ataamini.

Sasa tuje kwenye jibu la pili, la wataalamu kuwa Kampala. Simdharau Makerere hata kidogo. Shule yake ya sanaa ilianza katika miaka ya 1930, pale Margaret Trowell alipokusanya wanafunzi wachache barazani pa nyumba yake. Lakini mama huyu, kabla hajaja Uganda, alikuwa amekaa Ukambani nchini Kenya na kutazama kazi za mikono za wenyeji. Na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, alitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda. Kwa hiyo hata chuo hiki, ambacho sasa twakifanya kuwa lango la pekee, kiliasisiwa na mtu aliyekwenda vijijini kwanza, akainama, akatazama. Sisi twamwambia kijana wa Bwera afanye kinyume: aondoke kijijini asikotazamishwa kitu, aende mjini akafundishwe kwamba kijijini kulikuwa na kitu.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Magdalene Odundo, naye ningependa asimuliwe katika kila chuo cha ualimu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akapata elimu yake ya utotoni nchini Kenya na India, kisha akafanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara Nairobi. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza, akasoma sanaa Cambridge, na baadaye akaingia chuo cha Farnham. Hapo ndipo alipoanza kuuelewa udongo. Je, Waingereza walimwambia nini binti huyu wa Kiafrika aliyekwisha kuvuka bahari ili ajifunze kwao? Michael Cardew, mfinyanzi mkubwa wa Kiingereza aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Magharibi, alimshauri aende Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja. (Mji ule sasa waitwa Suleja, jina lake lilichukuliwa na mji mkuu mpya.) Odundo akaenda, katika mwaka 1974 na 1975, akaketi karibu na wanawake wa Kigwari, akajifunza kwao namna ya kuinua chombo kwa mikono mitupu bila gurudumu.

Tuzingatie jambo hili. Msichana aliyesoma Ulaya, mwenye walimu wa Ulaya na vifaa vya Ulaya, alirudishwa Afrika kwenda kufundishwa na wanawake wa kijijini. Alipokwisha kufundishwa hakufanya vyungu vya Kigwari. Alirudi Farnham, akahitimu mwaka 1976. Akafika kwa wafinyanzi wa asili wa San Ildefonso, huko New Mexico, Marekani, ambao vyombo vyao vyeusi vyajulikana duniani. Akafundisha katika Taasisi ya Jumuiya ya Madola, London. Kisha kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 akasoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Katika miaka hiyo ndipo mkono wake ulipopata sauti yake. Huchukua donge, hulitoboa, huvuta udongo juu, huongeza mikunjo, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, hupaka tope laini, kisha husugua kwa jiwe mpaka chombo king'ae. Hapaki ganda la kioo. Akikichoma penye hewa, huwa chekundu. Akikichoma tena mahali moto ulipofungiwa pamoja na vipande vya kuni, huwa cheusi. Ukikitazama waona shingo, tumbo, mgongo wa mwanamke mjamzito, mtu aliyeinamisha kichwa. Ni chungu, tena ni sanamu. Mwaka 2001 alifanywa profesa katika chuo kile kile cha Farnham, mwaka 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu kilichotokana nacho, na mwaka 2020 Uingereza ikampa hadhi ya Dame.

Katika wanawake wale wa Abuja, aliyejulikana zaidi ni Ladi Kwali. Huyu hakusoma shule. Alijifunza utotoni kwa shangazi yake, na mwaka 1954 akaingia kituoni Abuja, mwanamke wa kwanza kuingia mahali pale. Alizunguka mtungi kinyumenyume, mtungi ukiwa umetulia na yeye akizunguka, na wageni wa Ulaya na Marekani walikaa kimya kumtazama. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Picha yake imo katika noti ya naira 20, ambayo Mnigeria hununulia mahitaji madogo madogo pasipo kufikiri kwamba ameshika mkononi picha ya mwalimu asiye na cheti.

Basi na tuulize: Ladi Kwali angekuja Bwera leo, angeruhusiwa kufundisha? Sera ya walimu ya Uganda ya mwaka 2019 yataka kila mwalimu awe na digrii. Nia ya sera hiyo yaeleweka. Hakuna mzazi atakaye mwanawe afundishwe hesabu na mtu asiyejua hesabu. Lakini mfinyanzi wa Kikonzo aliyekaa miaka 40 na udongo haombi kufundisha hesabu. Aombwe saa mbili kwa juma, chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye digrii, alipwe kama alipwavyo kocha wa mpira. Kocha hatuulizi cheti chake. Twauliza kama timu imeshinda. Mfinyanzi hata hatumwiti. Na kwa kuwa hatumwiti, watoto wake wamejua thamani tunayompa, nao hawataki kuurithi ufundi wake. Katika soko la Mpondwe plastiki na sufuria za alumini zilikwisha kuuchukua ule wateja wake. Lililobaki kwake ni maarifa, na maarifa hayo twayaacha yafe ili tusivunje kanuni ya malipo.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, maana nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wasema kwamba mfinyanzi wa kijijini hurudia chungu kile kile cha bibi yake, na kwamba sanaa ni kubuni kitu kipya. Hoja hii ina ukweli nusu. Kweli, mtu akibaki kwa mwalimu mmoja atabaki na chungu kimoja. Odundo alihitaji Abuja, akahitaji pia London. Alihitaji mkono uliofundishwa na wanawake, na macho yaliyofundishwa na makumbusho na vitabu. Lakini wenye hoja hii wamesahau kwamba sisi twatoa mwalimu mmoja vilevile, tena wa upande mmoja tu. Mwanafunzi wa Kasese hupewa jina la msanii wa Ulaya, tarehe ya kuzaliwa kwake na picha ya kazi yake iliyofifia kwa kunakiliwa mara nyingi, naye aliyesoma hivyo tunamwita ameelimika katika sanaa. Huyo naye atarudia, na atakachorudia si chungu bali maneno.

Wala wasituambie kwamba sanamu za udongo ni jambo geni katika nchi hii, lililoletwa na chuo. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba katika gereza la Luzira, kando ya Kampala, walitoa ardhini kichwa cha mtu kilichofinyangwa, pamoja na vipande vingine vya sanamu. Sanamu hiyo iko katika Makumbusho ya Uingereza. Aliyeifinyanga hajulikani jina, na hakuna chuo alichosoma tunachoweza kukitaja. Mwanafunzi wa Uganda atakaye kuitazama kwa macho yake hana budi kupata viza.

Nafika sasa katika sehemu inayotuhusu sisi walimu wa lugha, na hapa sitaki kumsema mtu mwingine kabla sijajisema mwenyewe. Nimefundisha mara nyingi methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Nimewaeleza wanafunzi, kama nilivyoelezwa mimi, kwamba maana yake ni fundi kukosa kile anachowatengenezea wengine, wakaandika, wakafaulu. Siku nilipokaa na kumtazama mfinyanzi akifanya kazi ndipo nilipoona kitu ambacho sikukisoma katika ufafanuzi wowote wa methali. Gae lilikuwa chini ya chungu kipya. Aliweka donge lake ndani ya kigae cha mtungi uliovunjika, akakizungusha kigae kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipandisha udongo. Vigae vingine alikuwa amevisaga, akavichanganya na udongo mbichi ili chombo kisipasuke motoni. Kwa mfinyanzi, basi, gae si alama ya umaskini tu. Ni meza yake, ni gurudumu lake, ni dawa ya udongo wake, na ikibidi ni sahani yake pia. Methali bado yasema lile inalosema. Lakini mimi nilikuwa nimeifundisha miaka yote kama mtu anayeeleza ladha ya chakula asichokila.

Lugha yetu yatuponza mahali pengine. Kila afanyaye sanamu twamwita mchongaji. Kuchonga ni kupunguza: gogo huanza likiwa kubwa, huishia likiwa dogo, na kosa halirudishiki. Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere, alichonga sanamu yake ya mauti katika mti mwaka 1941; huyo hapo alikuwa mchongaji kweli. Lakini anayefanya sanamu ya udongo huongeza. Huanza na donge dogo, hubandika, huunganisha, huziba ufa, hubadili nia. Ni fikira tofauti kabisa, nayo yastahili jina lake: mfinyanga sanamu. Kamusi zetu zina finyanga, zina joko, zina kigae, zina kauri, ambalo ni jina la simbi wa baharini lililopewa vyombo vya Kichina kwa weupe na mng'aro wake. Lakini ni neno gani tunalo, lililokubalika kwa wote, la udongo uliokauka nusu, ambao hausongeki tena lakini bado wakatika kwa kisu? Lipi la lile ganda la kioo, ambalo katika makala haya nimelazimika kulieleza kwa maneno matatu? Wafinyanzi wanayo majina ya hali zote za udongo, maana hawawezi kufanya kazi bila kuyataja. Wakonzo wanayo yao, Wanande ng'ambo ya mpaka wanayo ambayo ni ndugu ya hayo, na wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa wanayo yao. Hatuna sababu ya kukaa mjini tukibuni istilahi wakati zipo zinazotamkwa kila siku na watu wenye matope mikononi.

Na Bwera ni mahali panapofaa kwa kazi hiyo kuliko miji mingi. Kiswahili huku hakikungoja kanuni. Kilisemwa katika kambi za wachimbaji wa Kilembe, ambako watu wa makabila mengi walihitaji kuelewana, na chasemwa sokoni Mpondwe kila siku ya soko, Mganda na Mkongo wakipunguziana bei. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020 kiliwekwa katika masomo ya lazima ya miaka ya mwanzo. Na Julai 2022 serikali ilikubali kukifuata kama lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bado wako wazazi wengi wanaokiona ni lugha ya amri na ya bunduki, nao wana kumbukumbu zao zinazowafanya waseme hivyo. Kuwatolea hotuba juu ya umoja hakutawageuza. Mtoto wao akirudi nyumbani na kichwa cha mtu alichokifinyanga, akakieleza kwa Kiswahili tangu udongo ulipochimbwa hadi ulipotoka motoni, labda watasikiliza.

Limebaki jambo la mshahara, ambalo siwezi kulipita kimya. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika shule za serikali alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwalimu wa sanaa na wa lugha akiachwa nyuma mbali. Walimu waligoma mwaka 2022, wakagoma tena mwaka 2025. Sitarudia hoja za mgomo. Nauliza tu, aliyechora mpaka kati ya sayansi na sanaa aliwahi kusimama mbele ya joko? Chungu chenye unyevu kikipelekwa haraka motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, na chombo hupasuka kwa kishindo. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo hubadilika umbo na kutanuka ghafla. Asiyejua kupunguza mwendo wa moto hapo atakuta nyufa. Chuma kilichomo katika udongo hutoa wekundu penye hewa na weusi pasipo hewa, na hiyo ndiyo siri yote ya rangi mbili za Odundo. Hiyo ni kemia, ni fizikia, imefundishwa bila maabara na mtu ambaye sera haimtambui, kisha twaambiwa somo lake halina manufaa kwa maendeleo. Na katika mtaala ule wa mwaka 2020 somo la sanaa na ubunifu limewekwa kati ya yale ya kuchagua. Shule yaweza kuliacha, na mkuu wa shule mwenye bajeti ndogo hataulizwa kwa nini ameliacha.

Kwa shule itakayotaka kujaribu bila kungoja waraka, majira yenyewe yanakubali. Muhula wa kwanza huanza Februari, kabla mvua kubwa za Machi hazijajaza mabonde, na huo ndio wakati wa kuchimba. Udongo utwangwe, uloweshwe, uchujwe, ufunikwe kwa majani ya migomba na kuachwa, maana udongo uliolala hukubali mkono kuliko uliochimbwa jana. Mfinyanzi aitwe mwezi wa Aprili, na mwalimu wa Kiswahili akae darasani naye, kalamu mkononi, aandike kila neno alitamkalo kwa Kikonzo na kila neno wanafunzi watakalolitafutia Kiswahili chake. Vitu vikaushwe kivulini muda wote wa mwezi Mei. Juni mvua zikipungua, aombwe mwenye tanuri la matofali nafasi ndogo karibu na kilele, mahali ambapo moto ni wa wastani. Gharama yake ni kuni za nyongeza. Vitakavyopasuka visitupwe, maana ndivyo vigae vya kusaga kwa udongo wa mwaka unaofuata.